Kolonoskopi ya baba: maandalizi ndo huduma yenyewe

Nimempeleka baba kupima utumbo mpana kwa kamera hospitali mbili tofauti hapa Dar, anayetaka majina aje inbox, mi naongelea maandalizi tu maana kumbe hapo ndo mtu anaweza kuumia kabla hata mpira wa kamera haujamgusa.

Kule kwa kwanza tulipewa pakti za unga wa kusafishia tumbo na kikaratasi. Koroga, kunywa jioni, usile, njoo asubuhi. Basi. Hakuna aliyeuliza mzee anaumwa nini kingine na baba ana sukari, anachoma insulini. Akachoma kama kawaida na tumbo tupu, saa saba usiku namkuta shuka limelowa jasho, anatetemeka, ananiita kwa jina la shangazi, kupima sukari 2.8, imeshuka vibaya. Nikamkorogea glukosi nusu naimwaga kwa woga. Na asubuhi daktari kaingiza mpira kidogo tu katoa, uchafu umejaa haoni kitu, rudini siku nyingine. Hela imeenda.

Hospitali ya pili nesi alituita wiki moja kabla. "Shikamoo baba, dawa zako zote umekuja nazo? Zitoe hapa mezani." Akashika moja moja. Vidonge vya kuongeza damu akasema acha leo, vinafanya choo kiwe cheusi na kunata kamera isione. Ya kuzuia damu kuganda hakuikata yeye, alimpigia kwanza daktari wa moyo wa baba, kwa sababu ukiiacha kiholela unaweza kupata kiharusi na ukiendelea nayo wakikata kinyama (kiuvimbe kilichoota ndani ya utumbo) unaweza kuvuja damu sana. Insulini daktari akaipunguza, tukaambiwa tupime sukari mara kwa mara, chai ya rangi yenye sukari ruksa, na akapangwa wa kwanza asubuhi asikae na njaa. Nesi akauliza na figo, maana dawa za kusafishia tumbo zenye fosfeti zinaweza kuziharibu.

Siku 3 kabla ya kipimo wali mweupe na samaki, hakuna mapera, pasheni, nyanya wala mchicha, mbegu na nyuzi zinabaki utumboni. Juisi nyekundu hapana, inafanana na damu. Dawa nusu jioni nusu saa tisa usiku, maji mwisho saa kumi na mbili, kipimo saa mbili. Ile dawa ina ladha mbaya jamani, tukaiweka kwenye friji, baba akawa anameza huku kashika ndimu puani. Nesi alitupa picha ya glasi nne kuanzia rangi ya kahawa mpaka njano ya mkojo, akasema baba akifika hii ya mwisho yuko tayari, alfajiri mzee ananiita chooni mwenyewe, "njoo uone, glasi ya nne!"

Siku yenyewe hawakuanza mpaka wamenisajili mimi wa kumrudisha nyumbani sababu ya dawa ya usingizi, wakamvua meno ya bandia, mama mmoja akaambiwa afute rangi ya kucha ili kile kibanio cha kidoleni kisome oksijeni vizuri. Walikuta vinyama viwili wakavitoa papo hapo.

Hii ya pili nyota 4. Moja nimewanyima kwa ajili ya choo, kiko kimoja tu mwisho wa korido na wagonjwa wote wamekunywa dawa ya kuharisha, wazee wanatembelea fimbo, sakafu imelowa. Wekeni kingine karibu, na sakafuni wekeni mpira wa kukanyagia.