Kigae cha kale: kukikata au kukimulika?

Ukiokota kigae Unguja Ukuu, mji wa kale kisiwani Zanzibar, swali linalokuja haraka ni moja: chungu hiki kilifinyangwa wapi? Maabara zina njia nyingi, ila mbili ndizo zinazobishaniwa zaidi.

Kuna kukata. Kipande hubandikwa kwenye kioo, kisha husagwa hadi kibaki na unene wa milimita 0.03, mwanga upenye. Kwenye hadubini utaona chembe za mchanga, mapengo palipoungulia makapi, hata mwelekeo ambao mkono wa mfinyanzi ulivuta udongo. Vipande vya kombe za baharini vilivyomo kwenye udongo vikiwa bado vizima, moto huenda haukupita sana nyuzi 800. Hasara: kipande kilichosagwa hakirudi, na kazi inataka mtu anayejua miamba.

Halafu kuna kumulika kwa eksirei. Kifaa cha kushika mkononi husoma elementi kwa dakika chache bila kukwaruza kitu, ndiyo maana wenye makumbusho wanakipenda. Lakini husoma juu juu. Kigae kilicholala ardhini karne kadhaa huwa kimeshanyonya fosforasi na chokaa ya huko, na namba hupotosha. Sodiamu nayo hakiioni vizuri.

Kwa vyungu vya kupikia vya pwani nachagua hadubini bila kusita. Chembe zake ni kubwa na zinasema mengi. Kwa kauri za China, kama zile za kijani za Longquan, udongo ni laini mno na hadubini haiambulii mengi. Hapo, eksirei.