Nakala ya "Askari Anayeanguka" inayouzwa Malindi: fremu safi, picha imeuawa

Nakala hii ya picha mashuhuri ya mpigapicha wa vita Robert Capa, inayosemekana kumwonyesha mpiganaji akipigwa risasi katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Uhispania, inauzwa katika duka moja la picha mjini Malindi, sentimita 30 kwa 40, ikiwa tayari kwenye fremu. Karatasi ni nzito, haing'ai, na pembe za fremu zimeungwa barabara. Ila picha imelazwa juu ya kioo moja kwa moja. Kwa unyevu wa pwani, masika hasa, wino utagandana na kioo, na ukiibandua itachunika. Mwambie fundi aweke kadibodi ya milimita 2, iliyokatwa dirisha, kati ya picha na kioo kabla hujalipa.

Kubwa zaidi ni lebo ya nyuma, inayotaja askari, mahali na siku: Federico Borrell García, Cerro Muriano, 5 Septemba 1936. Imeandikwa kana kwamba ubishi umekwisha, ubishi wa kama ni kifo cha kweli au maigizo. Borrell alikufa kweli siku hiyo, huko huko. Lakini mwaka 2009 mtafiti wa Kihispania José Manuel Susperregui alilinganisha milima inayoonekana nyuma katika picha nyingine za Capa za mfululizo huo huo na ardhi ya Uhispania, akaikuta Espejo, kilomita kama 50 kutoka Cerro Muriano, ambako mapema Septemba vita vilikuwa havijafika. Kwetu hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, kwa sababu mlima hauhami. Jarida la Ufaransa, Vu, nalo lilipoichapa tarehe 23 Septemba 1936 liliweka chini yake mtu mwingine akianguka karibu pale pale, na hakuna maiti ya mwenzake ardhini, jambo linalonuka maigizo.

Wanaoitetea wana lao. Mpelelezi wa mauaji wa polisi wa Memphis, Marekani, Robert Franks, aliangalia mkono wa kushoto wa askari unaochungulia chini ya paja: vidole vimejikunja kuelekea kiganjani. Anayeanguka kwa kuigiza hukunjua vidole ili ajikinge. Hivi vimelegea, alisema. Capa mwenyewe, redioni mwaka 1947, alisema aliinua kamera juu ya kichwa akiwa handakini, akapiga picha bila kutazama.

Sasa itazame nakala hii. Mchapaji amekoleza weusi na kupausha weupe kupita kiasi. Milima ya mbali imemezwa na anga, na ule mkono umekuwa doa jeusi, kidole hukioni. Ushahidi wa pande zote mbili umefutwa, na hilo kwa picha inayobishaniwa tangu miaka ya 1970 ni kosa zito. Weka lenzi ya kukuzia juu yake utaona vitone vilivyojipanga kwa mistari: imenakiliwa kutoka kwenye ukurasa wa kitabu.

Kwa mapambo ya sebuleni inatosha. Kwa darasa la historia au la uandishi wa habari, usiichukue. Dai iliyochapwa upya kwa rangi za kijivu zilizopungua ukali, mpaka milima na vidole vionekane. Lebo nayo ibadilishwe, isomeke: Robert Capa, Uhispania, Septemba 1936.