Chai, Mandazi na Upelelezi: Jioni ya Mhadhara Mjini Nakuru

Mkahawa mmoja wa ghorofani, hatua chache kutoka Kenyatta Avenue hapa Nakuru, umeanza kuuza kitu ambacho sijawahi kukiona katika orodha ya vyakula: kwa shilingi 400 unapata birika ndogo ya chai ya tangawizi, mandazi mawili na mhadhara wa saa mbili. Nimehudhuria mara mbili. Jioni ninayoieleza hapa ilihusu jinsi wahafidhina wa Marekani wanavyoutazama upelelezi wa serikali dhidi ya raia, wanavyowapima marais waliopita, na sababu za wengi wao kuamini kwamba taifa lao linadidimia.

Saa ya kwanza peke yake ilistahili fedha zote. Mhadhiri, mwalimu mstaafu wa historia, hakuanza na sifa wala lawama. Alianza na sheria. Alitukumbusha kwamba Oktoba 2001, wiki chache baada ya mashambulizi ya Septemba 11, Rais George W. Bush alitia sahihi Patriot Act, sheria iliyopanua mamlaka ya serikali ya kupeleleza, huku wahafidhina wengi wakiishangilia, lakini Juni 2013, Edward Snowden, aliyekuwa mfanyakazi wa mkandarasi wa shirika la kijasusi la NSA, alipofichua kwamba shirika hilo lilikuwa likikusanya kumbukumbu za simu za mamilioni ya watu wasioshukiwa kwa lolote, kambi hiyohiyo ikapasuka. Wapo waliomwita msaliti. Wapo pia waliosimama na Seneta Rand Paul, ambaye Mei 2015 alizungumza katika Seneti kwa zaidi ya saa 10 kupinga kurefushwa kwa mamlaka hayo.

Kisha akafika Aprili 2024, na hapo hata mhudumu aliyekuwa akikusanya vikombe alisimama kusikiliza. Bunge la Wawakilishi lilipigia kura pendekezo la kuwalazimisha maafisa kupata kibali cha mahakama kabla ya kupekua mawasiliano ya Wamarekani yaliyonaswa chini ya Kifungu cha 702, kinachoruhusu kupeleleza wageni walio nje ya Marekani. Kura zilikuwa 212 kwa 212, na kwa kanuni za bunge lile sare ni kushindwa. Wajumbe 128 wa Republican, chama cha wahafidhina wengi, waliliunga mkono pendekezo hilo, 86 wakalikataa. Mhadhiri aliongeza, kwa haki, kwamba wengi wao walianza kuishuku FBI, idara ya upelelezi ya ndani, pale tu ripoti ya mkaguzi wa Wizara ya Haki, ya Desemba 2019, ilipoorodhesha makosa 17 makubwa katika maombi ya kumchunguza mshauri mmoja wa kampeni ya Trump. Yeye hakulitamka, lakini mimi nalitamka: kwa wengi wao, woga wa dola hupanda na kushuka kulingana na nani anayelala Ikulu. Mhafidhina ninayemheshimu ni yule anayeiogopa rungu hata inaposhikwa na mtu wake.

Kuhusu marais, alimchagua Ronald Reagan, na hakumwonea haya. Mtu aliyewaambia Wamarekani Januari 1981 kwamba serikali yenyewe ndiyo tatizo ndiye aliyetia sahihi, Desemba mwaka huohuo, Amri ya Rais namba 12333, ambayo hadi leo ni mhimili wa upelelezi wa Marekani nje ya mipaka yake. Na deni la taifa lilikaribia kuongezeka mara tatu katika miaka yake minane. Mzee mmoja akanyosha mkono: "Mwalimu, na huyu wetu aliyelala Kabarak tumpime kwa mizani gani?" Alimaanisha Rais Daniel arap Moi. Mmoja akakumbuka maziwa ya Nyayo shuleni, mwingine akakumbuka namna watu walivyonong'ona ndani ya matatu kwa kuwaogopa Special Branch, polisi wa siri wa enzi hizo. Mwalimu aliwaacha wajibizane kwa takribani dakika 10, na zilikuwa dakika bora kuliko zote, ingawa aliwakatiza mapema mno ili awahi picha zake za ukutani.

Sehemu ya kudidimia kwa taifa ilikuwa dhaifu. Familia, kanisa, mpaka, maadili, vyote vilirushwa mezani bila kipimo, isipokuwa deni ambalo angalau huhesabika. Sisi watu wa Nakuru hatuhitaji kuhadithiwa anguko kwa mafumbo. Kenya iliongoza dunia kwa pareto, na maua yake yalisindikwa hapahapa mjini; malipo ya wakulima yalipochelewa mwaka baada ya mwaka, waliing'oa wakapanda viazi. Anguko la namna hiyo lina hesabu na lina wahusika, na ndivyo nilivyotarajia la Marekani lichambuliwe.

Chai ilikuwa kali na ya moto, mandazi yalipoa upesi. Kipaza sauti kinakwaruza, kwa hiyo keti viti vya mbele. Lawama yangu kubwa ni daftari la mlangoni, ambalo lilidai jina, nambari ya kitambulisho na ya simu kabla ya kuingia kusikiliza habari za upelelezi. Siku tatu baadaye nilianza kupokea jumbe za matangazo ambazo sikuziomba, miaka kadhaa baada ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mara ya pili niliandika jina pekee. Binti wa mlangoni aliuliza, "Na simu, mzee?" Nikamjibu kwamba nimeiacha nyumbani, akacheka, akanikabidhi birika langu.