Herufi D kwenye NVDA: uzoefu wangu

Mimi sioni; kompyuta naisikiliza. Natumia NVDA, kisoma skrini cha bure alichoanza kukitengeneza Michael Curran wa Australia mwaka 2006. Sauti ya Kiswahili imo humo humo, kavu kidogo lakini inaeleweka. Leo nataka kuzungumzia kitufe kimoja tu, herufi D.

Ukiwa kwenye ukurasa wa wavuti, kila ukibonyeza D unaruka hadi sehemu kuu inayofuata: kichwa cha ukurasa, menyu, habari yenyewe, mpaka chini kabisa. Shift na D hukurudisha nyuma. Kwenye Wikipedia nabonyeza mara chache, nafika "main" (yaani sehemu ya habari yenyewe), nashuka kwa mshale na makala inaanza. (Kama upo ndani ya kisanduku cha kuandikia, bonyeza Escape kwanza, la sivyo utaandika tu herufi d.)

Lakini D hufuata alama alizoweka aliyejenga tovuti. Mwezi uliopita nilitaka kukata tiketi ya basi. Nikabonyeza D: hakuna kitu. Ukurasa mzima ulikuwa div juu ya div, yaani visanduku vitupu visivyosema ni sehemu gani ya ukurasa. Nikabaki na kitufe cha Tab, kinachopita kiungo kimoja kimoja na kisanduku kimoja kimoja. Nilihesabu mara 31 kabla ya kufika kwenye kisanduku cha "Unatoka wapi". Nikachagua tarehe, ukurasa ukajipakia upya, nikarudishwa juu kabisa. Nikapiga simu ofisini, nikakatiwa tiketi na mtu.

Tovuti nyingine hukosea upande wa pili. Kila kijisanduku kimefanywa sehemu kuu, na menyu zake nne hazina majina, basi nasikia "navigation, navigation, navigation" (ndivyo NVDA inavyoita menyu), kama milango isiyo na namba kwenye korido ndefu. Nijuaje niingie mlango upi?

Ndugu zangu mnaojenga tovuti, kazi hii ni ndogo na haibadilishi mwonekano hata kidogo. Tumieni alama za header (kichwa), nav (menyu), main (habari yenyewe) na footer (sehemu ya chini) za HTML yenyewe, lugha ya kujengea kurasa. Main iwe moja. Nav zikiwa mbili au zaidi, kila moja ipeni jina kwa aria-label, maandishi ambayo kisoma skrini huyasoma lakini hayaonekani kwenye skrini: "Menyu kuu", "Kurasa za matokeo". Neno "navigation" msiliweke kwenye jina, kisoma skrini kinalitamka chenyewe. Kisha wekeni NVDA kwenye mashine zenu, zimeni skrini, mbonyeze D.

Wale wa mabasi niliwaandikia. Jana nilifungua tena: D mara tatu, "main", na kisanduku cha "Unatoka wapi" kikanisubiri hapo hapo.