Skana ya bluetooth ya shilingi 1,500 na gari lisilowaka baada ya kubadilishwa injini: uzoefu wangu

Kidude chenyewe, kinachosoma kompyuta ya injini na kuonyesha kwenye simu, ni cha aina ya ELM327, kikubwa kidogo kuliko kibiriti, na huchomekwa kwenye soketi ya pini 16 chini ya usukani. Nilikipata Mombasa mjini kwa shilingi 1,500. Nimekitumia zaidi kwenye Toyota zenye injini ya 1NZ-FE, hasa Fielder za NZE141 zilizowekewa injini ya eksi-Japani (iliyotumika Japani) iliyoshushwa bandari ya Kilindini. Hapa nakipima kwa kazi moja tu: injini imebadilishwa, bolti zote zimefungwa, na gari linakataa kuwaka.

Kama stata haizunguki kabisa, kiache mfukoni. Hapo kazi ni ya mita ya kupima umeme. Betri iliyotulia isome volti 12.6, na ukipiga stata isishuke chini ya 9.6. Kisha weka waya mweusi wa mita kwenye hasi ya betri, mwekundu kwenye chuma cha injini, na mwenzako apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, waya wa arthi (wa kurudisha umeme kwenye betri) kati ya injini na bodi umesahauliwa, au umefungwa juu ya rangi na kutu. Kosa hili naliona kuliko mengine yote, na chumvi ya bahari inalizidisha: jicho la waya linaweza kung'aa juu na kuwa kijani kwa chini. Dalili yake ni kebo ya gia kupata moto ukishikilia stata, kwa sababu umeme umekosa njia yake na unarudi kwa kupitia hapo. Piga msasa mpaka chuma kionekane, kaza, ndipo upake grisi juu. Gari la otomatiki lisilopiga stata kwenye P lijaribu kwenye N, halafu ukague soketi ya swichi ya gia. Hiyo hubaki ikining'inia mara nyingi injini ikishashushwa.

Stata ikizunguka na injini isishike, sasa ndio zamu ya skana. Ila jihadhari na taa yake. Pini ya 16 hupata umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri hata swichi ikiwa imezimwa, kwa hiyo skana kuwaka taa hakuna maana kwamba kompyuta ya injini iko hai. Weka swichi ON na utazame dashibodi: taa ya injini lazima iwake kabla hujapiga stata. Isipowaka, na programu ya skana kwenye simu nayo haiunganiki, kompyuta haina umeme au haina arthi. Anza na fiuzi ya EFI na rilei yake, kisha tafuta zile waya nyembamba zenye jicho, zinazotoka kwenye mkungu wa waya na kufungwa kwa bolti kwenye injini. Ni arthi za kompyuta, na fundi mwenye haraka huzipita akidhani ni za kushikilia mkungu tu.

Natumia programu ya Torque kwenye simu ya Android. Kidude hiki cha bluetooth hakielewani na iPhone, huko unahitaji cha aina nyingine. Na Toyota nyingi za soko la Japani za kabla ya 2008 hazizungumzi inavyotakiwa OBD2, yaani lugha ambayo skana hizi hutumia, kwa hiyo skana ikikataa kuunganika kwenye gari la zamani usiilaumu wala usilaumu kompyuta. Kwenye magari hayo, unga kipande cha waya kati ya pini ya 4 na ya 13, weka ON, hesabu mipepeso ya taa ya injini. Namba 12 na 13 ni hitilafu kwenye ishara ya mzunguko wa injini. Hesabu pini mara mbili kabla ya kuingiza waya. Ukigusa ya 16 utachoma fiuzi, ukiwa na bahati.

Thamani yote ya hii skana kwangu iko kwenye tarakimu moja: mizunguko kwa dakika wakati stata inazunguka. Injini yenye afya huonyesha kama 200 hadi 300. Ikionyesha sifuri wakati unaisikia inazunguka kwa masikio yako, kompyuta haioni krenki (mhimili mkuu wa injini) ikizunguka, na bila krenki hakuna moto wala mafuta. Kwenye 1NZ sensa ya krenki imekaa mbele, karibu na puli ya chini, mahali ambapo injini inagonga fremu ikiingizwa vibaya. Chomoa soketi, pima sensa ikiwa baridi: iwe kati ya omu 985 na 1,600. Ya kemshafti (mhimili unaofungua vali), iliyo kwenye kichwa cha injini, iwe kati ya 1,630 na 2,740. Sensa ikiwa nzima, pima waya mpaka kwenye kompyuta, ukitafuta mahali palipobanwa kati ya injini na gia boksi. Nimeona watu wakinunua kompyuta nzima kwa sababu ya waya uliobanwa.

Hapa ndipo pampu ya mafuta inaposingiziwa. Watu huweka ON, wanasubiri mlio wa sekunde mbili, hawausikii, na kiti cha nyuma kinafunguliwa. Toyota nyingi za aina hii haziwashi pampu kwa ON. Rilei ya pampu huanza kupitisha umeme ukipiga stata, na baada ya hapo huendelea kuupitisha mradi kompyuta inaona krenki. Kwa hiyo sikiliza pampu wakati wa stata, si kabla.

Soma pia joto la maji na joto la hewa. Asubuhi injini ya baridi itasoma nyuzi za Selsiasi zinazokaribiana na joto la hewa ya nje. Ukikuta -40, soketi ya sensa haijachomekwa au waya umekatika. Joto la hewa likiwa -40, soketi ya MAF (sensa ya kiasi cha hewa inayoingia) ndiyo iliyoachwa, kwa sababu sensa ya joto la hewa iko mle mle. Kompyuta inayosoma joto kimakosa inaweza kumwaga mafuta mpaka plagi zinalowa. Toa plagi, zikaushe, zipime nafasi ya milimita 1.0 hadi 1.1, rudisha, kisha kanyaga mafuta hadi chini ukipiga stata ili silinda zijisafishe.

Kodi zenyewe, yaani namba za hitilafu, zisome, lakini zifute kwanza, upige stata kwa sekunde kumi, ndipo usome upya. Injini ikiwekwa, kodi nyingi hubaki za siku ambayo waya zilikuwa zimechomolewa. Zikirudi P0335 au P0340, ni krenki na kemshafti kwa mpangilio huo. P0016 ni krenki na kemshafti kutolingana, na huenda ni cheni ya taiming iliyofungwa vibaya na aliyefungua injini kabla yako. Injini ikikohoa na kurudisha moto bila kodi yoyote, kagua soketi za koili za plagi: moto unakwenda kwenye silinda kwa mpangilio wa 1-3-4-2, na soketi ya koili ya pili ikichomekwa kwenye ya tatu inaingia bila ubishi.

Ukiwa umeletewa injini pamoja na kompyuta yake, taa ya ufunguo ikapepesa bila kukoma, ni kinga ya wizi: kompyuta mpya haiujui ufunguo wako. Skana hii haisajili ufunguo. Rudisha kompyuta ya zamani ya gari. Na injini ya 1NZ ya miaka ya mwanzo, yenye koo la hewa (throttle) la kebo, usiipeleke kwenye gari lenye koo la umeme bila kuhamisha manifoldi, koo na mkungu mzima wa waya kutoka injini ya zamani.

Kasoro zake sasa. Shinikizo la mafuta haioni. Utahitaji geji, na 1NZ inataka kPa 304 hadi 343, kama psi 44 hadi 50. Mgandamizo wa silinda nao haioni: kipimo cha Toyota ni kPa 1,471, chini kabisa 1,079, na tofauti kati ya silinda isizidi 98. Injini ya eksi-Japani hupimwa hivyo ikiwa bado sakafuni, kabla hujalipa. Injekta haijulikani kama inapigiwa umeme. Taa ndogo ya kupima inayochomekwa kwenye soketi ya injekta inafanya kazi hiyo kwa sekunde tano.

Kero yangu kubwa ni kukatika. Betri ikishuka wakati wa stata, kidude hupoteza mawasiliano, na ile tarakimu ya mizunguko unayoitaka ndiyo inayopotea. Unganisha betri ya pili kwa kebo kabla ya kuanza. Kikikatika hata hivyo, rudi kwenye arthi, kwa sababu huenda volti ya mfumo mzima inaporomoka.

Kwa bei hiyo nakipa nyota nne kati ya tano, kikiwa na mita pembeni. Bila mita, mbili. Tofauti kati ya vidude vinavyofanana kabisa kwa nje ni kubwa, na vingi vilivyoandikwa toleo 2.1 vimenikataa kwenye magari ambayo cha toleo 1.5 kinaingia. Usilipe kabla ya kukichomeka kwenye gari linalowaka, uzime, upige stata huku unatazama simu. Mizunguko isipoonekana pale dukani, mrudishie mwenyewe.