Jenetiki au lishe, mwanafunzi wa mifugo akomae na lipi?

Mdogo wangu anasoma mifugo hapa Buhuri Tanga, juzi kaniuliza, kaka nikomae na jenetiki au lishe? Jenetiki tamu kweli, unapandisha zebu wetu (ng'ombe wa kienyeji) kwa mbegu ya Friesian (ng'ombe wa kizungu wa maziwa mengi) unapata chotara wa maziwa, ila piga hesabu, mimba miezi 9, alafu mtamba (jike ambaye hajazaa) akue mpaka azae ni miaka 2 na zaidi, yani matunda ya kazi yako unayaona baada ya miaka kama 3 hivi.

Lishe haisubiri. Ng'ombe mwenyewe hawezi kumeng'enya nyuzi za majani, wanaomfanyia hiyo kazi ni bakteria wa kwenye rumeni (lile tumbo kubwa), sasa ukimbadilishia chakula ghafla ukammwagia unga wa mahindi mwingi, rumeni inajaa asidi, maziwa yanashuka haraka na anaweza hata kufa. Na huyo chotara ukimpa majani makavu ya kiangazi bila mashudu (makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta) wala lusina (mti wa malisho), damu yake nzuri inakaa bure, inaniuma sana nikiona hivyo.

Uhimilishaji, yani kumpandisha ng'ombe kwa mbegu bila dume, utamwita mtaalamu, kulisha ni asubuhi na jioni kila siku. Mi nimemwambia aanze na lishe.