King of Jazz ya mwaka 1930: uzoefu wangu, na filamu mbili fupi za kuangalia pamoja nayo

Nyumbani kwetu jazz lilikuwa neno la Kiswahili. Bendi za Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, Dar es Salaam Jazz: baba alikuwa na santuri zao, na mimi nikakua nikijua kwamba jazz ni gitaa la Mbaraka Mwinshehe. Ndiyo maana binamu yangu anayeishi Marekani aliponiuliza aniletee nini akija likizo, nilimtajia filamu ya King of Jazz, yaani Mfalme wa Jazz. Nilitaka kumwona huyo mfalme.

Kwanza tahadhari kwa atakayenunua. Diski niliyoletewa ni Blu-ray ya soko la Marekani, yaani ya ukanda A (diski hizi hugawanywa kwa kanda za dunia), na deki zinazouzwa kwetu kwa kawaida ni za ukanda B. Deki yangu iliikataa kabisa. Wiki mbili diski ilikaa kabatini mpaka nikapata rafiki mwenye deki inayosoma diski za ukanda wowote. Ulizia hilo kabla hujatoa hela.

Filamu yenyewe haina hadithi. Ni onyesho la ukumbini lililohamishiwa kwenye sinema: wimbo, dansi, kichekesho cha nusu dakika, halafu wimbo tena. Sauti ilikuwa ndiyo kwanza imeingia kwenye sinema, na kila kampuni ya Hollywood ilikuwa inatoa maonyesho ya namna hii. Kufikia 1930 watu walikuwa wameshakinai, kwa hiyo ingawa kampuni ya Universal ilimwaga fedha nyingi, filamu ikaanguka. Baadaye nakala zilikatwakatwa, rangi zikaharibika. Tunayoiona leo ni ile iliyofanyiwa ukarabati mwaka 2016, na kwa kazi hiyo nawapa nyota zote. Nguo za wachezaji zinang'aa kama zimeshonwa jana.

Hizo rangi zina kisa chake. Technicolor, mfumo wa kupata rangi kwenye filamu, wakati ule ilitumia rangi mbili tu, nyekundu na kijani. Buluu ilikuwa haitoki. Na kipande kikuu cha filamu ni Rhapsody in Blue, muziki ambao Paul Whiteman, kiongozi wa bendi anayeitwa mfalme humu, alimwagiza George Gershwin autunge na ukapigwa mara ya kwanza New York mwaka 1924. Sasa unapigaje muziki wenye buluu kwenye jina kwa filamu isiyojua buluu? Msanifu wa jukwaa, Herman Rosse, alitumia rangi ya fedha na kijivu, akacheza na taa, hadi kwenye kioo ikatokea feruzi laini ambayo macho yanakubali kuiita buluu. Piano kubwa kama nyumba inafunguka mfuniko, na ndani yake imekaa bendi nzima. Hapo nilirudisha nyuma mara mbili. Rosse alipewa Oscar kwa kazi hii, na aliistahili.

Kuna vitu vidogo pia nilivyovipenda mno. Joe Venuti na fidla yake, Eddie Lang na gitaa, wawili tu, bila mapambo yoyote. Angalia vidole vya Lang, havina haraka hata Venuti anapokimbia. Mwanamuziki mmoja wa bendi anapiga wimbo kwa pampu ya baiskeli, na noti zote zinatoka sawasawa. Bing Crosby yumo akiwa kijana mdogo, mmoja kati ya waimbaji watatu. Alikuwa apewe wimbo wa peke yake, lakini alifungwa baada ya ajali ya gari na nafasi ikaenda kwa John Boles. Vichekesho vingi vimechacha, virukeni.

Kinachoniuma ni kimoja. Kabla ya Rhapsody, Whiteman anatamka kwamba jazz ilizaliwa Afrika kwa mdundo wa ngoma, kisha anatokea mchezaji juu ya ngoma kubwa, mweusi tii anayemetameta. Ni Mzungu aliyepakwa rangi. Bendi nzima ni Wazungu. Mwishoni kuna chungu kikubwa wanamotumbukizwa Waitaliano, Waskoti, Waairishi, Wahispania, Warusi, kila kundi na ngoma yake, ili kwenye chungu itoke jazz. Nilisubiri Waafrika wapite. Hawakupita. Niliangalia mara ya pili nikidhani nimesinzia.

Basi nawashauri msiiangalie peke yake. Kuna filamu fupi mbili za mwaka 1929, zote zimeongozwa na Dudley Murphy na ndani yake wako wanamuziki weusi wenyewe, hazifiki dakika ishirini kila moja, na kwa sheria za Marekani zimekuwa mali ya umma, kwa hiyo zinapatikana bure mtandaoni. Picha zake ni nyeusi na nyeupe na sauti ina mikwaruzo. Katika Black and Tan, Duke Ellington, mpiga piano na kiongozi wa bendi ya jazz, anaigiza kama mwenyewe, kijana asiye na hela ambaye watu wamekuja kumchukulia piano. Fredi Washington, akiigiza mwanamke mcheza dansi mwenye ugonjwa wa moyo, anacheza hivyohivyo hadi anaanguka, na kitandani anaomba apigiwe muziki. Bendi inapiga huku uso wa Duke ukififia machoni pake.

Ya pili ni St. Louis Blues, filamu pekee ya mwimbaji Bessie Smith. Mwanamume wake amemsukuma chini na kuondoka na mwingine. Anaanza kuimba akiwa palepale sakafuni, halafu tunamkuta baa, ameegemea kaunta na glasi ya bia, na ukumbi mzima unamwitikia kwa sauti nzito kama kwaya ya kanisani. Hakuna piano kubwa kama nyumba wala feruzi. Ni sauti yake tu, na inatosha kujaza chumba.

Nilipokuwa naiangalia, mama alikuwa anapita na sinia la chai. Kiingereza hakijui. Alisimama mlangoni mpaka wimbo ukaisha, kisha akauliza, "Mwanangu, huyu mama kafanywa nini?" Nikairudisha mwanzo, akaketi.